Papa Arne na Mashua ya Saa Kumi

Viatu kwanza. Nyinyi mabinti mnaoanza kazi ya kutunza wazee, mkiingia nyumbani kwa mtu msikimbilie kuuliza dawa ziko wapi. Angalieni viatu. Mzee ambaye viatu vyake viko chini ya kitanda, huyo amekubali kwamba amefika. Mzee ambaye viatu vyake viko mlangoni, pua zimetazama nje, huyo ana safari, na hiyo safari mtaifanya naye, mpende msipende.

Mnacheka. Chekeni tu. Kabla ya kazi hii nilifunga maboksi kwenye ghala hapa Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, na boksi ukiliweka linakaa. Mzee ukimweka hakai. Wa kwanza niliyepewa, kule Columbus, alikuwa bibi mmoja mdogo wa mwili, na mimi kwa usafi wangu nikaona viatu vyake vinazagaa mlangoni, nikavifuta, nikavipanga vizuri chini ya kitanda. Bon. Nikaingia jikoni kupasha supu. Niliporudi, bibi yuko nje kwenye maegesho, miguu mitupu juu ya baridi ya asubuhi, anatembea kama anawahi misa. Nilimbeba mgongoni kama mtoto. Majirani walisimama madirishani na simu zao mkononi.

Aliyenifundisha kazi huko Columbus alikuwa Dada Mercy, mwuguzi Mkenya aliyekuja kusoma akabaki na kazi. Nilidhani atanifukuza. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniambia, "Mama Furaha, hii kazi si ya nguvu, ni ya macho. Viatu viache pale amevitoa, ndio ujue anaenda. Na mtu akipotea, usitafute pale wewe ungeenda. Tafuta pale yeye anaenda."

Halafu akaongeza jambo lingine ambalo sikulielewa hata kidogo. "Mgonjwa usimdanganye, sawa? Lakini pia usimpige na ukweli."

Nikamwuliza kati ya hayo mawili mimi nisimame wapi. Akasema, "Hapo katikati ndio kazi iko." Nikaona huyu anataka kunichanganya tu, nikaenda zangu kufua mashuka.

Niliyaelewa maneno yake Buffalo, miaka kama ya elfu mbili na kumi na nne, kumi na tano hivi. Dada yangu alikuwa Buffalo, ndiyo maana nilihamia. Huko nikapewa mzee wa Kinorwe, nitamwita Papa Arne. Alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, mabega bado ya mtu wa kazi, maana alikuwa amefanya kazi kwenye meli za ziwani tangu ujana wake. Mke wake alikuwa ameshafariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Carol, mama wa makamo anayefanya kazi ya ofisini na kukaa Cheektowaga, mji wa jirani, na kila siku akitoka kazini anapitia kwa baba yake. Mzee alikuwa na ule ugonjwa wa kusahau, unaoanza na funguo na kuishia na majina ya watoto.

Ofisi iliyoniajiri iliniambia nimwite Arne, basi. Arne, hivi hivi, kama ninamwita mdogo wangu! Mdomo ulikataa. Nikamwita Papa Arne, na yeye akaitika kama aliyezoea. Carol aliniuliza kwa nini ninamwita baba yake baba. Nikamwambia kwetu ukimwita mtu wa umri ule jina tupu, watu watauliza ulilelewa na nani. Carol alikuwa mtu wa maneno machache, na mwanzoni nilimwogopa.

Sasa, nyinyi mtaona wenyewe: mwanga ukianza kupungua, wazee wa ugonjwa huu wanashikwa na haraka. Papa Arne, saa yake ilikuwa saa kumi alasiri. Anavaa buti zake za mpira, zile za mvua, anavaa kofia ya sufu, anasimama katikati ya sebule na kusema kwa heshima kabisa, "Asanteni kwa ukarimu wenu. Sasa ninakwenda nyumbani, mama ananingoja."

Carol alikuwa na njia yake moja. Anamshika mikono na kumwambia, "Baba, hapa ndipo nyumbani. Hii ni Buffalo. Mama yako alifariki zamani sana."

Na mzee anaanguka kwenye kiti na kulia. Si kulia kwa kukumbuka. Ni kulia kwa mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi. Kesho yake amesahau, saa kumi inafika, anaambiwa tena, analia tena. Yaani yule baba alifiwa na mama yake kila siku ya Mungu. Mimi nilikuwa nageukia ukutani, najifanya nakunja nguo.

Siku moja nilijipa moyo nikamwambia Carol, "Mama, si tumwache tu na safari yake?"

Alijibu bila hasira, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri. "Yeye ndiye aliyenifundisha kutosema uongo. Alinifundisha kwa mkanda. Siwezi kuanza na yeye."

Baba ni wake.

Lakini Carol akiwa kazini, mzee alikuwa wangu, na mimi nilimfanyia yale tuliyolelewa nayo. Kwetu mgeni akisema anaenda, humfungii mlango, na humwambii kwamba hana kwao. Unavaa kanga yako unamsindikiza. Donc, saa kumi Papa Arne akisema anaenda, mimi nachukua koti langu. "Haya, Papa, nikusindikize." Tunatoka. Tunapita nyumba za mbao, tunafika kwenye kona, pale mtaa unaposhuka kuelekea majini. Pale nasimama, kama mtu anavyomsindikiza mgeni mpaka nusu ya njia, nampa mkono, namwambia salimia watu wa nyumbani. Yeye ananiangalia, anaangalia barabara, anaona upepo ni mkali na mimi nimesimama na koti langu jembamba. Anasema, "Binti, umekuja mbali. Twende kwangu unywe kahawa kwanza." Tunarudi nyumba ile ile, anaingia kama mwenye nyumba, anavua buti mwenyewe! Kila siku, nawaambia. Sikumdanganya hata neno moja. Sijui kama hapo ndipo katikati ya Dada Mercy, lakini mzee alikuwa analala bila kulia.

Ni katika kumsindikiza huko ndipo nilipojua anakwenda wapi. Wengine walidhani anaongea ovyo. Haikuwa ovyo, ilikuwa jiografia. Alizaliwa kwenye fyodi. Hilo ni neno la kwao: mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kati ya milima, mrefu, mwembamba, wenye kina kirefu. Zamani barafu nzito ilikuwa inateremka kutoka milimani na kuchimba bonde; ilipoyeyuka, bahari ikaingia. Milima inasimama ndani ya maji moja kwa moja, hakuna pa kupitisha barabara. Nyumba yao ilikuwa mwisho kabisa wa ule mkono, pale mto unapoingia, lakini ng'ambo. Kutoka shuleni alikuwa anatembea mpaka kwenye ncha ya nchi kavu, maji mkono wa kushoto, mlima mkono wa kulia. Hapo anaweka mikono mdomoni na kuita. Mlima unaiokota sauti na kuirusha ng'ambo. Mama yake anaitika, halafu anakuja na mashua ya makasia kumchukua.

Mabinti, mimi nilisimama katikati ya barabara ya Buffalo nikasema, "Papa, hapo ni kwetu."

Maana mimi ni mtu wa Kalehe, ziwa Kivu. Nyinyi mliozaliwa kambini, ukimbizini, hamjaona: kule pia milima inaingia majini, na ziwa limejipenyeza mabondeni mikono mikono. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba volkano ndizo zilizoziba njia ya mto, maji yakapanda, yakajaza mabonde. Kwao ilikuwa barafu, kwetu moto, na sisi sote tukaishia kuita watu ng'ambo. Kuzunguka kwa miguu ni safari ya siku. Unasimama kwenye ncha unapiga kelele, mjomba anaitika, anaingia kwenye mtumbwi.

Na kuna sheria. Ukishaita, huondoki ukingoni mpaka ujibiwe, na ukijibiwa huondoki mpaka ufikiwe. Nikiwa mdogo niliita, halafu nikaona mapera kwenye shamba la mtu, nikaondoka kidogo. Mjomba alipiga makasia, akafika, hakuna mtu. Alidhani nimezama. Aliponikuta na mapera kwenye gauni, mama weee! Sikukaa chini siku mbili. Nilipomsimulia Papa Arne, alicheka mpaka akatoa kitambaa. Akasema kwao pia ni hivyo, anayeita hatoki mahali pake.

Halafu akatazama chini ya mtaa, kule majini, uso ukabadilika. "Lakini huku maji hayajibu," akasema. "Nimeita sana."

Ni kweli. Pwani ya Buffalo ni tambarare. Hakuna mlima wa kuirudisha sauti. Ukiita, sauti inakwenda zake Kanada.

Tulipendana na yule mzee. Niseme hivyo tu. Siku moja nilileta dagaa wakavu kutoka duka moja la Grant Street, wa chakula changu cha mchana, nikawaweka kwenye bakuli wakilowa. Nyumba ikanuka, mnajua vile inanuka. Nilipotoka bafuni nikakuta Papa Arne amekaa mezani na bakuli, anakula wabichi hivyo hivyo, vichwa na vyote, amefumba macho. Carol akaingia. "Harufu gani hii?" Mzee akamwambia, "Kaa chini, mama amekausha samaki." Carol alifungua madirisha yote na baridi ile. Lakini nilimwona, alichukua dagaa mmoja kutoka kwenye bakuli, akamla akiwa amesimama.

Ni siku hiyo aliponiambia kwamba baba yake hakumfundisha lugha yake. Alijua neno moja tu la Kinorwe, lile la kusema "nakuja", maana mzee alikuwa anaitikia hivyo kila mama yake Carol alipomwita mezani. Nilimwonea huruma. Nikamfikiria mwanangu Furaha, mnayemjua, ambaye nikimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza.

Sasa mambo yakaharibika. Mwezi wa kumi na moja jirani mmoja alimwambia Carol kwamba kila siku anatuona nje kwenye upepo, mzee anayumba. Carol akapiga simu ofisini. Ofisi ikasema hairuhusiwi, akianguka ni kesi. Mlango ukawekewa kengele ya kulia ukifunguliwa. Mimi nikaambiwa saa kumi nimkalishe mbele ya televisheni. Siku ya kwanza aligonga mlango kwa viganja mpaka vikawa vyekundu. Siku ya pili Carol alikuja amevimba macho, akaniambia amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee inayofungwa, mbali, nje ya mji. Mahali pazuri, akasema, lakini watu hawatoki.

"Sijaamua," akasema. "Lakini akitoka mara moja tu peke yake, Jumatatu nampeleka. Siwezi kumzika kwa sababu ya mlango."

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeona wazee waliotiwa ndani ya mlango wa namna hiyo wakiwa na safari kifuani. Hawakumaliza majira ya baridi.

Ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, na Carol alikuwa naye mwenyewe. Mimi nilikuwa Grant Street nanunua unga. Upepo ulikuwa umevuma tangu alfajiri kutoka kusini-magharibi, na hapo lazima niwaeleze kidogo. Ziwa Erie limelala kwa urefu, na Buffalo iko kwenye pembe ya mwisho. Upepo wa upande ule ukivuma siku nzima, unasukuma ziwa lote kwenye pembe hiyo, kama umeinua beseni upande mmoja. Maji yanapanda yenyewe, bila mvua. Halafu baridi ikikutana na maji ambayo bado yana uvuguvugu, theluji inatoka ziwani ikiwa ukuta. Mtaa huu una jua, mtaa ule huoni mkono wako. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni anatazama anga upande wa ziwa, limekuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. "Mama, nenda nyumbani," akaniambia.

Simu ikalia. Carol.

"Yuko na wewe?"

"Hapana."

Alikuwa ameshuka chini kufua. Kengele ilikuwa mlango wa mbele. Mzee alipita dirisha la nyuma, dirisha, mtu wa miaka themanini na zaidi! Carol alikuwa analia na kuongea pamoja. Ameshawaita polisi. Wamekwenda kwenye nyumba ya zamani alikoishi na mkewe, maana kila mara anasema anakwenda nyumbani.

Nikamwuliza, "Viatu gani vimeondoka?"

"Nini?"

"Carol, tazama mlangoni. Viatu gani havipo?"

Nikasikia anakimbia. Akarudi. "Buti za mpira."

"Hajaenda kwenye nyumba ya mke wake," nikasema. "Amekwenda kwenye maji kumngoja mama yake. Njoo kule chini, kwenye gati la wapiga makasia."

Nilitupa unga wangu kwenye kaunta. Sikuwa nimekimbia hivyo tangu tulipotoka Kalehe, na naomba Mungu nisikimbie hivyo tena. Nilipita kona yetu, ile ya kusindikizana, na safari hii sikusimama. Nilishuka mtaa mpaka kwenye daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara kuu. Upepo ulikuwa unalisukuma, magari yanapita chini, nimeshika chuma kwa mikono miwili nikisema jina la Yesu. Nilikuwa nafikiria akili ya mzee: maji mkono wa kushoto, afike kwenye ncha. Na pale chini kuna mkono wa maji mwembamba kati ya ukingo na ukuta mrefu wa mawe unaozuia mawimbi. Kuna mashua ndefu za makasia zimepangwa. Kwa macho yake yale, angedhani yuko wapi?

Nilimwona kutoka darajani. Gati ni la mbao, limeingia majini hatua kadhaa, na siku za kawaida liko juu ya maji. Siku hiyo maji yalikuwa yamelipanda. Mawimbi yalikuwa yanapita juu ya mbao na kurudi, na Papa Arne amesimama mwisho kabisa, na nguo za kulalia, buti, kofia, mikono mdomoni. Anaita. Upepo unamrudishia sauti kooni.

Nilishuka, nikakanyaga zile mbao, maji yakaingia kwenye viatu, baridi ikanipanda mpaka meno. "Papa Arne!" Aligeuka. Midomo ilikuwa ya bluu. Alinijua, alitabasamu hata. "Binti, umekuja mbali."

"Papa, twende tunywe kahawa."

"Siwezi. Nimeshaita."

"Papa, upepo ni mkali, mashua leo haiji."

Akatikisa kichwa, akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua. "Wewe unajua," akasema. "Hawajajibu bado. Nikiondoka, atakuja asinikute." Na akarudi nyuma hatua moja, kisigino kikawa kwenye ukingo wa ubao wa mwisho.

Nilisimama. Mabinti, niliogopa hata kupumua. Nikimshika kwa nguvu, yeye ni mzito kuliko mimi, tunaingia wote. Nikimwambia mama yake amekufa, atakaa chini hapo hapo alie, na maji yanapanda. Na mimi siwezi kumjibu, maana niko mbele yake ananiona, na anayejibu lazima awe ng'ambo. Ule ukuta mweupe ulikuwa umeshalifunika ziwa, theluji ya kwanza inapiga usoni kama mchanga. Nililia. Nililia kwa hasira, kwa sababu sheria yake ilikuwa sheria yangu na sikuwa na neno la kuivunja.

Ndipo nikasikia mlango wa gari. Carol yuko juu ukingoni, bila koti. "Baba! Baba, rudi! Baba, hapa ni Buffalo, utazama!"

Mzee alikuwa ameshayageukia maji tena, hakutazama nyuma hata. Kwa nini ageuke? Huyo alikuwa anamwita baba, na yeye alikuwa mtoto wa shule.

Nikageuza kichwa taratibu. "Carol! Usimwite baba! Mjibu!"

"Nimjibu nini?"

"Yeye anaita mama yake! Mjibu kama mama yake! Mwambie unakuja!"

Alisimama. Nilimwona uso, licha ya theluji ile bado nilimwona. Mkono umefunika mdomo. Mawimbi yakapita juu ya gati mpaka kwenye magoti yangu, na Papa Arne akayumba, akaita tena, sauti ilikuwa imebaki kidogo tu, ya kukwaruza. "Mama!"

Na Carol akajibu. Alijibu kwa lile neno moja la Kinorwe alilokuwa nalo. Nakuja. Mara ya kwanza halikutoka vizuri. Mara ya pili aliweka mikono mdomoni kama yeye, akalivuta kutoka tumboni, na likaupasua upepo mpaka kwetu. Halafu na jina. "Arne! Nakuja!"

Mzee aligeuka. Sijui nitawaelezaje uso ule. Miaka yote ile maji hayakumjibu, halafu yakajibu. Alinishika mkono, yeye ndiye aliyenishika, akasema, "Umesikia? Twende, usiteleze." Akaniongoza mimi juu ya zile mbao, maji yakitupiga miguuni, mpaka kwenye nchi kavu.

Carol alikuwa ameshateremka. Alimfunika na blanketi la gari, akamkumbatia na buti zake na maji yake. Papa Arne akaweka kichwa kwenye bega la binti yake, meno yakigongana, akasema kwa sauti ya kulalamika kidogo, kama mtoto, "Mbona umechelewa?"

Carol alifunga macho. Nilimsubiri. Nilidhani sasa atamwambia, mimi ni Carol, hii ni Buffalo.

"Kulikuwa na upepo, mwanangu," akasema. "Upepo ulikuwa mkali sana."

"Najua," mzee akasema. "Nilikungoja tu."

Tulimwingiza kwenye gari, hita ikiwa juu kabisa. Theluji ilitufikia hapo hapo, hatukuona tena gati wala maji. Carol alishika usukani, hakuwasha taa wala kuondoka. Alilia mpaka akamaliza, mzee akimpapasa mgongo.

Jumatatu hakwenda popote. Carol alipunguza siku zake za kazi, akahamia chumba cha juu. Sheria ya ofisi ilibaki ile ile, lakini sheria ya ofisi ni ya mimi, si ya binti wa mtu. Saa kumi ilipofika ni Carol aliyekuwa anavaa koti. Aliniuliza pa kusimama ni wapi, nikamwonyesha kona. Waliendelea hivyo mpaka mzee alipoacha kutembea, na baada ya hapo Carol alikaa naye mpaka alipofariki, kitandani kwake, buti zikiwa chini ya kitanda. Siku moja asubuhi aliniomba nimletee, akazisukuma huko kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nilipoona hivyo nilimpigia Carol simu aje.

Basi. Magoti yalipokataa nilirudi huku Louisville kwa Furaha. Hapa hakuna ziwa, kuna mto tu, na mimi bado nina akili zangu, asanteni kwa kuuliza. Lakini wiki iliyopita nilimwambia Furaha, siku utakapokuta viatu vyangu mlangoni vimetazama nje, usiniambie hii ni Louisville. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba niache kuongea maneno ya kutisha, akaenda jikoni akafunga mlango.

Nilikaa. Baadaye nikamwita tu, nilitaka maji ya kunywa. "Furaha!"

Sahani zikagongana. Halafu akajibu kutoka kule, kwa sauti kubwa kuliko nyumba inavyohitaji.

"Nakuja, Mama."